Bi Dhe na Viti Vilivyopigiliwa Sakafuni

Ukitaka kumkasirisha Bi Dhe, mwambie kwamba Kiingereza hakina sababu. Wapo walimu wengi wanaosema hivyo. Nimewasikia katika miji mingi na kwa lugha mbalimbali. Mwanafunzi anauliza kwa nini mto unatanguliwa na "the" na ziwa halitanguliwi na kitu, mwalimu anapandisha mabega: ndivyo walivyo wenyewe. Bi Dhe akisikia jibu hilo hushika kiuno.

"Ndivyo walivyo ni jibu la mtu anayewahi chai," husema. "Kila jambo lina sababu. Kama huijui, itunge. Ila itunge vizuri, mtu asiisahau."

Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Hili la Bi Dhe alipewa na wanafunzi wake, kwa ajili ya kile kineno cha Kiingereza kinachotangulia majina, ambacho yeye alikitamka kwa ulimi uliochungulia nje ya meno kama mtoto anayeonja dawa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushee, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, na chini ya gauni refu alivaa raba za kukimbilia. Kufundisha ni kutembea, alisema, na mwalimu mwenye viatu vya visigino ni mwalimu aliyekwisha kuamua kukaa.

Ujana wake aliumalizia kwenye swichibodi ya hoteli kubwa, akiunganisha simu za wageni na makwao. Wageni walitaja miji na nchi, yeye akachomeka waya. Dunia aliijua kwa sikio kabla hajaiona kwenye ramani. Aliwasikia wakisema the Hague lakini London tu, the Philippines lakini Japan tu, na kwa kuwa hakuwepo wa kumweleza, alijieleza mwenyewe. Simu zilipoanza kujiunganisha zenyewe hotelini hakukuwa na haja naye tena. Akarudi nyumbani na dunia nzima kichwani na kazi hana. Ndipo kituo cha elimu ya watu wazima kilipompa chumba cha jioni.

Chumba chenyewe kilikuwa orofani, juu ya duka la magodoro. Madirisha yake yalitazama uwanja wa mchomeleaji mageti, hivyo somo lilikwenda na cheche na kelele za chuma. Hakikuwa na madawati. Kilikuwa na viti vya plastiki vya rangi zisizopatana, vingine vimepasuka vikashonwa kwa waya, na hivyo viti ndivyo vilivyokuwa mtaala wake wote.

Nchi moja, kiti kimoja. Mtu akiwa Ufaransa au Brazili alikaa peke yake katikati ya chumba, na hakuhitaji bawabu wa kumtangulia. Lakini nchi iliyoundwa kwa vitu vingi vilivyojikusanya, visiwa, falme au majimbo, ilikaa kwenye benchi, yaani viti kadhaa vilivyosukumwa pamoja, na mbele ya benchi alisimama bawabu. Bawabu ndiye "the". Mto haukai, unatembea, kwa hiyo bawabu aliutangulia chumba kizima usije ukapotea. Ziwa limekaa tuli, bawabu wa nini? Mlima mmoja umesimama peke yake kwa heshima zake. Safu ya milima ni familia, na familia haikosi mlinzi. Mimi, niliyekuwa nimepanga chumba mtaa wa pili nikaenda kusikiliza siku moja kisha nikashindwa kuacha, nilifanywa ziwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikuwa nasema.

"Nani Uholanzi leo?" aliuliza jioni moja.

"Mimi," alijibu dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, amejikalia kitini ametulia.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mwalimu."

"Nani kakwambia? Kwa Kiingereza wewe ni the Netherlands, nchi za mabondeni, nyingi! Umekaa kama mfalme na wenzako umewaacha nje wananyeshewa. Wapishe wakae. Bawabu!"

Bawabu alikuwa yule mchomeleaji wa uwanja wa chini, kijana mnene waliyemwita Cheche, aliyepanda ngazi kila jioni na aproni yake ya ngozi. Hakuwahi kupewa nchi. Alikuwa bawabu mzuri mno.

Umiliki nao ulikuwa na mwendo wake. "Kwetu sisi mali hutangulia," alifundisha. "Nyumba ya baba. Barabara za mji. Kwao mwenyewe hutangulia, mali inamfuata nyuma kama mbuzi." Mwenye mali alitembea mbele, mkono mmoja nyuma, kidole kimepindwa mfano wa ndoana, mali ikashika ndoana ikavutwa. Ufaransa akapita na mji mkuu wake nyuma, France's capital, na hapo Cheche akaruka kusimama mbele yake. Kosa hilo, la kusema the France's capital, walilifanya wote, kila wiki.

"Bawabu, rudi! Ufaransa hajakuita. Ukiona mtu ana mali ndiyo unakimbilia kumfungulia mlango?"

"Ndivyo mabawabu walivyo, mwalimu."

Darasa likacheka hadi muuza magodoro akagonga dari yake kwa fagio.

Sitamchora kama mtu asiyekosea. Alikuwa amezoea kusema the Ukraine, kama walivyosema wageni wa zamani, na mwanafunzi mmoja alipomwambia kwamba siku hizi haisemwi hivyo, walibishana wiki nzima. Alisema wageni wake walikuwa watu wenye suti. Alisema mwanafunzi ana kimbelembele. Kisha Jumatatu akaingia, akaondoa bawabu mwenyewe mbele ya kile kiti. "Wenyewe wamemkataa," alisema. "Mtu akikataa mlinzi nyumbani kwake, wewe ni nani umsimamishie?" Hakuomba radhi, wala hakurudia kosa.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, hadi kituo kilipopata kompyuta.

Mkurugenzi wa kituo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupigana naye. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi hata kwenye kola kwa ndani. Miaka aliyokaa hapo alikuwa akibisha milango ya wafadhili, na sasa mmoja alikuwa amefungua: kompyuta za chumba kizima, kila moja na hedifoni yake, na programu ya kufundisha Kiingereza. Sharti la wafadhili lilikuwa moja. Meza na viti vifungwe sakafuni, vifaa visitembee.

Alimwita Bi Dhe ofisini mbele yetu sisi wachache tuliokuwa tukingoja mvua ikatike.

"Mama, sasa utapumzika," alisema.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Kazi yako itakuwa kuwasha mashine, kuangalia watu wasichezee waya, na kuzima. Sauti inayofundisha ni ya mwenye lugha mwenyewe."

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Yumo ndani ya programu, mama."

"Basi atoke tusalimiane. Mtu hafundishi nyumbani kwa watu bila hodi."

Mkurugenzi alitabasamu, lakini hakurudi nyuma. Kuna kiti cha msaidizi karibu na mlango, alisema. Jumatatu ya ufunguzi wageni watakuja. Akikaa kwenye kiti kile, nafasi yake ipo.

"Na nisipokaa? Malizia, usiogope."

"Usipokaa, mama, darasa litaendelea bila wewe."

Kutoka hapo kila mtu alijua kinachopiganiwa. Si chumba, wala si mshahara, ambao ulikuwa wa kununulia unga na sabuni tu. Ni kama Bi Dhe atabaki kuwa mwalimu au atageuzwa mlinzi wa waya.

Nyumbani ndiko mambo yalikokuwa magumu zaidi. Aliishi na mtoto wa marehemu dada yake, muuguzi wa hospitali, msichana mkimya mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, na kule walitaka cheti cha Kiingereza kutoka kituo kinachotambulika. Kituo kilichotambulika kilikuwa kile kile. Nilikuwa nimekaribishwa chai Jumapili moja, nikajikuta katikati ya ugomvi wao kama kikombe cha tatu mezani.

"Mama mdogo, kaa tu kwenye hicho kiti," alisema Muuguzi, akikamua sare yake nyeupe juu ya beseni. "Kaa mpaka nipate cheti. Ni muhula mmoja."

"Nikikaa, nitainuka nikiwa nani?"

"Utainuka ukiwa mama mdogo wangu."

"Hapo umenishika pabaya."

"Nimekushika ulipo. Wewe unagombania viti, mimi nagombania maisha."

"Viti ndivyo vilivyokulisha, bibi wee."

"Nimeshiba, mama mdogo. Nashukuru. Sasa niache niende."

 Bi Dhe akageukia sufuria, akalisugua kama limemtukana. Muuguzi akaanika sare, akapita bila kunitazama, akaenda kulala maana alikuwa na zamu. Ndipo Bi Dhe akaniambia, mgongo umenielekea, "Wewe ziwa, kunywa chai yako. Inapoa."

Jumamosi iliyofuata nilipanda naye kituoni kuchukua chaki zake na ubao wake mdogo. Tukamkuta Cheche amepiga magoti sakafuni, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Meza zilikuwa zimepangwa mistari, chuma kitupu, na mbele ya kila meza kiti cha chuma kimesimama kwa mguu mmoja. Vile viti vya plastiki havikuwepo. Vilikuwa vimetolewa kwa mkodishaji wa maturubai.

"Cheche," alisema Bi Dhe. "Mikono hiyo hiyo?"

Kijana akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni bila sababu. "Mwalimu, kazi ni kazi. Nisingefunga mimi angefunga mwingine, tena angefunga ovyo."

"Na wewe umefunga vizuri?"

Hapo fahari ya ufundi ikamshinda. Akakitikisa kiti kwa mikono miwili, kikamtikisa yeye. "Leta tembo akivute, mwalimu. Utang'oka mkia wake kwanza."

"Lakini bolti hufunguka."

"Hizi? Aa, hizi nimezifunga kisha nikachomelea vichwa. Mwizi akija na spana atarudi na spana yake." Kisha akakiachia kile kiti. Nilimwona akiwaza, polepole, kama mtu anayepapasa mfukoni akikuta funguo hazimo. Alikuwa amezoea kutengeneza mageti, na geti likifunguka kwa spana ni aibu ya fundi. Hakuna aliyemwagiza achomelee. Mkurugenzi alitaka bolti tu, ili vikihitajika visogezwe. "Mwalimu," alisema, "hata mimi mwenyewe sasa siwezi kuvifungua. Labda kukata."

"Kata."

"Nikikata naharibu sakafu, na meza zenyewe zitakuwa vyuma chakavu. Nitafungwa mimi."

Bi Dhe akatembea katikati ya mistari ile. Njia zilikuwa nyembamba; akageuka kiubavu kupita. Alifika mwisho wa chumba akarudi, akashika kiti kimoja akajaribu kukigeuza kimtazame jirani yake. Kikakataa. Kila kiti kilitazama ukuta wake.

"Kila nchi na ukuta wake," alisema. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Laiti ungesoma vibaya kidogo na kuchomelea vibaya kidogo, tungepona."

Jumatatu ya ufunguzi wageni walikuwa watatu: wafadhili wawili na ofisa mmoja wa elimu mwenye kikohozi. Walisimama nyuma, na mimi nikasimama nao maana kompyuta zilikuwa za waliojiandikisha tu. Wanafunzi walikwisha kaa, hedifoni masikioni, kila mtu akinong'ona na kioo cha kompyuta yake. Nimesikia watu wakiomba, wakihesabu, wakiweweseka katika vyumba vya wageni vya nchi mbalimbali, lakini sijawahi kusikia kitu cha upweke kama kile: watu wanaojuana, bega kwa bega, kila mmoja akiongea na hakuna anayejibiwa.

Na Bi Dhe alikaa. Naam, alikaa. Alikwenda kwenye kiti cha msaidizi kando ya mlango, akakunja gauni, akaweka mikono mapajani, akamtazama mtoto wa dada yake aliyekuwa mstari wa mbele. Nilidhani mambo yamekwisha. Mkurugenzi pia alidhani hivyo. Mabega yake yalishuka, akaanza kuwaeleza wageni mambo ya waya na umeme.

Dereva wa lori ndiye aliyeharibu. Kwenye kioo chake palikuwa na picha ya mto na pengo la kujaza. Akajaza, mashine ikalia "tii", alama nyekundu. Akajaza tena. Tii. Akavua hedifoni sikio moja, akainua mkono kama alivyozoea.

"Mwalimu."

"Usimwite," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Bonyeza kitufe cha msaada."

Dereva akabonyeza. Sauti ikarudia lile lile ililosema mwanzo, polepole zaidi, kama mtu anayemwambia kiziwi. Tii.

"Mwalimu," aliita tena.

Bi Dhe akasimama.

"Mama, kaa," alisema Mkurugenzi.

"Nimeitwa."

"Mama, tafadhali. Wageni."

"Nimeitwa, mwanangu, na umesikia. Mtu mzima na mvi zake ananiita mara mbili, nikae kama mzigo? Mgeni asiyeweza kuona mtu akijibiwa, kaja kuona nini?" Akageukia darasa, akapiga makofi. "Vueni hizo pete za masikio. Nchi zote, simameni!"

Kwanza hakuna aliyesimama. Kisha dereva akainuka. Kisha mpishi wa hoteli, kisha wengine, viti vikabaki vitupu kama mashina. Hakukuwa na kiti cha kusogeza, basi miili ndiyo ikasogezwa. Benchi ikawa watu walioshikana mikono juu ya meza. Mto ukapita kiubavu kwenye vile vichochoro ukigonga magoti. "Bawabu yuko wapi? Bawabu!" Bawabu alikuwa amenasa. Cheche alikifunga kiti chake kwa kipimo cha mtu wa kawaida, na tumbo lake halikuwa la mtu wa kawaida. Alihangaika kati ya meza na kiti hadi wawili wakamvuta makwapani.

"Leta tembo!" mtu akapiga kelele, na chumba kikalipuka.

Mfadhili mmoja alicheka na kupiga picha. Wa pili alitazama saa. Ofisa akakohoa. Dereva, sasa akiwa mto mwenyewe na bawabu akihema mbele yake, alijaza lile pengo kwa sauti kubwa, sahihi.

Mtu mmoja tu hakusimama. Muuguzi alibaki mstari wa mbele, hedifoni masikioni, macho kwenye kioo, mgongo umenyooka. Bi Dhe alimwona. Alipita kando yake akielekeza milima, mkono wake ukagusa kidogo mgongo wa kile kiti cha chuma, akaendelea mbele. Hakumwita.

Wageni walipoondoka, Mkurugenzi alimngoja kwenye ngazi. Hakupaza sauti; midomo tu ilikuwa imekauka.

"Umeniaibisha, mama. Miaka yote hii nahangaika nipate vifaa. Darasa ni la kituo, si lako."

"Tugawane basi, tusigombane," alisema Bi Dhe. "Chumba ni cha kituo. Mashine ni za wafadhili. Viti ni vya sakafu, Cheche kavifungisha ndoa. Hayo yote chukua, sina neno. Lakini aliyeitwa nani? Uliitwa wewe? Iliitwa mashine? Anayeitwa ndiye mwenye darasa."

"Kesho usije."

"Kesho nina kazi. Nafundisha."

Na kweli alifundisha, uwanjani kwa Cheche, katikati ya mageti ambayo hayajakwisha na mapipa matupu, wakati moshi wa kuchomelea ukitua. Walikuja karibu wote, kelele hadi nje ya uzio. Ila Muuguzi. Yeye alikuwa juu, dirishani tuliona mwanga wa kioo chake.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alishuka mwenyewe. Alisimama getini asiguse chuma, akasema wazi, bila matusi: atakayeonekana uwanjani saa za masomo, jina lake halitaenda kwenye vyeti. Kisha akapanda ngazi zake.

Jioni iliyofuata uwanja ulikuwa mweupe. Alibaki dereva, ambaye hakuhitaji cheti bali alitaka tu kubishana na maofisa wa mipakani kwa lugha yao, na Cheche aliyekuwa kwake, na mimi.

"Wamekukimbia, mwalimu," alisema dereva.

"Hawajanikimbia. Cheti ni mlango, na mlango hupitwa, mtu hasimami hapo kwa ajili ya kunifurahisha mimi." Akakaa juu ya pipa. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa bila kulazimishwa. Akavua raba moja, akakung'uta kijiwe, akaitazama ile raba muda mrefu. "Kituo kinafungua saa ngapi?"

"Saa kumi jioni," alisema Cheche.

"Na wewe unaamka saa ngapi?"

"Mwalimu, hapana. Hilo wazo liache hapo hapo lilipo."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Nikiamshwa."

"Kuanzia kesho utaamshwa saa kumi na moja. Waambie wote. Jioni wakae kwenye mashine, wajibu tii tii zao, wasikose hata siku moja. Alfajiri waje huku."

"Hiyo si shule, ni adhabu!" dereva alilalamika, lakini alikuwa akicheka.

"Tena nyie wanaume mje mmenawa nyuso. Sifundishi matongotongo."

Asubuhi ya kwanza walikuja watatu. Asubuhi iliyofuata wakaongezeka, na baada ya wiki uwanja ulijaa watu wanaopiga miayo, kila mtu na chupa yake ya chai, wakisukuma mapipa badala ya viti. Mapipa yalivuma yakiviringishwa, kwa hiyo nchi zilihama kwa kishindo kuliko zamani. Muuza magodoro aliyelala dukani alitoka na fagio lake, akatukana kidogo, kisha akauliza kama bado kuna nafasi.

Wiki hiyo Muuguzi alitokea. Alikuwa ametoka zamu, sare imekunjamana, viatu mkononi kwa sababu miguu ilivimba. Nyumbani walikuwa hawajasemezana tangu ile Jumatatu, wakipishana kwa zamu kama jua na mwezi. Akasimama kando ya geti lililopakwa rangi nusu.

"Sikusimama siku ile," alisema.

"Nilikuona."

"Hukuniita."

"Ningekuita ungesimama. Ndiyo maana."

Muuguzi akatazama chini, akavaa viatu kimoja kimoja, taratibu. "Ile mashine," alisema, "kila siku inaniambia nimekosea. Nasema sawasawa na inavyosema yenyewe, inanijibu tii."

"Na wewe iambie tii. Nani kaipa neno la mwisho?" Akamsogezea pipa kwa mguu. "Kaa hapo. Wewe ni Norway. Peke yako, hakuna bawabu. Cheche, mwondokee."

Tulikuwa katikati ya milki na ndoana, Norway akivuta pwani yake nyuma, Norway's coast, pwani akiwa muuza magodoro mwenye fagio, wakati geti liliposukumwa. Alikuwa Mkurugenzi. Nadhani mtu alimpigia simu akaamka hapo hapo. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana, na miguuni alivaa kandambili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila pasi.

Akatutazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wanafunzi wake wa jioni. Macho yake yakafika kwa Muuguzi yakasimama hapo, na kila mtu akajua kwa nini, maana majina ya vyeti yalikuwa yanapelekwa mwezi ule. Muuguzi hakuinamisha uso. Hakuiachia hata ndoana. Kidole chake kilibaki kimepindwa nyuma, muuza magodoro amekishika.

"Nilisema wazi," alianza Mkurugenzi. "Nilisema atakayeonekana hapa..."

"Saa za masomo," alisema dereva. "Tulisikia vizuri. Saa za masomo tuko juu."

"Mkurugenzi," alisema Cheche, "ukitukata majina sote, zile mashine zitamfundisha nani? Meza zake mimi ndiye niliyezifunga. Hazitoki. Utawaonyesha wafadhili viti vitupu?"

 Mkurugenzi alimtazama Bi Dhe, na kwa mara ya kwanza nilimwona kachoka, si mkubwa wa kituo, bali mtu tu aliyeamshwa mapema.

"Mama," alisema, "huoni kwamba unaniumiza kichwa?"

"Naona. Na wewe unaona kwamba sikai."

"Kituo kina utaratibu wake."

"Kinao. Jioni ni ya kituo, sijaigusa. Asubuhi si ya kituo, mwanangu. Asubuhi ni ya aliyeamka."

Alisimama kidogo zaidi. Nje, maduka yalianza kufunguliwa, mabati yakipanda kwa makelele. Akakiona kifungo chake kilichopishana, akakifungua, akakifunga mahali pake, kisha akageuka akaondoka na kandambili zake, hakusema atafanya nini kuhusu yale majina. Alipofika barabarani tulimwona akitazama saa; saa za masomo zilikuwa mbali bado.

"Amekasirika," alinong'ona muuza magodoro.

"Akasirike," alisema Bi Dhe. "Norway, umelegeza kidole. Pwani yako itakuponyoka. Anza upya, na kwa sauti, wasikie mpaka juu."

Muuguzi akavuta pumzi, akaanza upya.